Tuzo Iliyomnyima Dada Yetu Utulivu

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wauguzi mliotoka zamu mkaja moja kwa moja bila kupitia nyumbani, familia imemtuma mdogo wake wa kiume awasomee maisha ya dada yetu, naye kabla hajaanza anaomba mjue kwamba marehemu aliyasoma haya mwenyewe akiwa kitandani, mara mbili, kalamu nyekundu mkononi, akakata alichokata na kuongeza alichoongeza, kwa hiyo pale mtakapoona hayamsifu kama mlivyozoea kusikia wafu wakisifiwa, msimlaumu msomaji.

Dada yetu alizaliwa Jumanne tarehe 12 Februari 1952, saa moja asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stoo ya shule ambako baba yetu alikuwa karani, akiwa mtoto wa pili kati ya sita na binti wa kwanza. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alitambaa wiki mbili tu, akaona anachelewa, akasimama, na kwa kuwa hakukaa pale alipowekwa, bibi yetu alimwita Kiguu na Njia, jina lililomganda mpaka uzeeni. Alikuwa mtu wa kuinuka katikati ya chakula kwenda kuangalia kama kuku wamefungiwa, akirudi anauliza kama maji yameepuliwa, na akishajibiwa anakwenda kuangalia mwenyewe.

Alianza darasa la kwanza Januari 1960, akamaliza la saba mwaka 1966, akaendelea na sekondari ya wasichana ya bweni hadi Novemba 1970, na katika ripoti zake zote, ambazo baba alizihifadhi ndani ya bahasha ya kaki, walimu tofauti waliandika jambo lile lile, kwamba ana akili lakini hakai. Tarehe 4 Januari 1971 alijiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu Desemba 1973, akafanya kazi wodi ya wanawake miaka mitatu, na mwaka 1977 akachaguliwa kwenda kozi ya mwaka mmoja ya uuguzi wa chumba cha upasuaji. Aliporudi likizo mama alimuuliza, "Kwani humo ndani wewe unafanya nini, si daktari ndiye anayekata?" Dada akamjibu, "Nahesabu, mama. Kila kinachoingia tumboni mwa mtu, nahesabu ili kitoke." Mama akasema, "Basi umepata kazi yako, maana hapa nyumbani unatuhesabu bure."

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1975 na shemeji yetu, fundi redio, mtu mpole ambaye hakuinuka kitini bila sababu, na watu wa harusini walisema Mungu alimnyima mmoja miguu akampa mwenzake minne. Walijaliwa watoto watatu, binti wa kwanza aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1976, kijana aliyezaliwa tarehe 22 Mei 1979, na kitinda mimba, binti, aliyezaliwa tarehe 9 Januari 1984. Shemeji yetu alitangulia tarehe 2 Septemba 2010, akiwa kitini, redio ya mteja ikiwa wazi mbele yake.

Kuanzia Januari 1978 dada aliingia kazini katika thieta, nayo ilikuwa vyumba viwili vya upasuaji mwisho wa koridoo ndefu, sinki tatu za kunawia mikono, mtambo wa mvuke wa kuchemshia vifaa uliopiga miluzi kama treni, na mstari mwekundu sakafuni ambao mtu wa viatu vya nje hakuruhusiwa kuuvuka. Wengi wenu mnaijua kazi hiyo, lakini kwa wasioijua, vitambaa vya kufyonzea damu huingia vikiwa vimefungwa kumikumi, na zama zile vikishatumika vilipangwa sakafuni juu ya karatasi ya plastiki, safu moja vitambaa kumi, ili kila mtu avione, na kabla daktari hajashona, muuguzi wa zamu huhesabu, husema kwa sauti neno "kamili," kisha huliandika ubaoni. Neno hilo likishasemwa, daktari hushona, na kilichobaki ndani kimebaki.

Mwaka 1979 alikuja thieta mhudumu wa usafi ambaye mpaka leo tunamwita Mama Sakafu, na jina hilo alijipa mwenyewe, kwa kuwa daktari mmoja alimwambia apishe meza, naye akajibu, "Meza yako, daktari, na sakafu yangu." Alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni na ndoo na deki yake upasuaji ukikaribia kwisha, akingoja kusafisha kwa ajili ya mgonjwa anayefuata, na alipokuwa akingoja alihesabu zile safu za sakafuni, si kwa sababu alitumwa, ila macho yalikuwepo na vitambaa vilikuwepo.

Alhamisi tarehe 18 Juni 1987, saa nne asubuhi, aliletwa mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua, na kwa zaidi ya saa moja watu wa chumba kile walifanya kazi bila kutazamana usoni. Damu ilipokatika, daktari bingwa aliomba hesabu, dada akapita kwenye safu haraka, akasema "Kamili, daktari," akaandika ubaoni, na daktari akachukua sindano. Hapo ndipo Mama Sakafu aliposema kutoka mlangoni, kwa sauti ya chini, "Sista, safu ya mwisho ina tisa." Dada hakugeuka, alisema, "Ngoja nje, tutakuita." Mama Sakafu hakutoka. Alisema tena, "Ina tisa. Nimehesabu mara mbili." Dada akageuka, akatazama, akaona kitambaa kimoja kimekunjika kwa namna ya kuonekana viwili, na safari hii alisema kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "Daktari, simama. Nimekosea hesabu, kimoja hakipo." Daktari aliweka sindano chini, akafungua tena pale alipokuwa ameanza kufunga, na kitambaa kilikuwa nyuma ya utumbo. Mama yule alitoka hospitali siku ya kumi na moja, mtoto mikononi.

Kama mambo yangeishia hapo, dada yetu angekuwa amestaafu kama wauguzi wengine. Lakini daktari, ambaye kwa sauti ya mashine na mawazo yake mwenyewe hakuyasikia maneno ya mlangoni, alikwenda kwa metroni, mkuu wa wauguzi, akasema muuguzi wako amemwokoa mtu, metroni akaandikia chama cha wauguzi wa upasuaji, na jarida la chama, katika ule ukurasa wake wa Habari na Pongezi ambao kila muuguzi huufungua kwanza kuona nani amepandishwa cheo na nani amestaafu, likajiandaa kutoa picha ya dada chini ya kichwa cha habari Jicho la Mwewe Laokoa Mama. Dada alipopata fununu alikwenda ofisini kwa metroni na hakukaa kwenye kiti alichoonyeshwa.

"Metroni, si mimi niliyeona. Ni Mama Sakafu."

"Nani alimsimamisha daktari?"

"Mimi."

"Basi."

"Lakini nilikuwa nimeshaandika kamili."

Metroni alivua miwani akamwambia, taratibu, kama mtu anayemtakia mema, "Ndiyo maana nakushauri unyamaze. Ukisema aliyeona ni mpiga deki, wataniuliza muuguzi wangu alikuwa anafanya nini, na wewe una mtoto wa miaka mitatu nyumbani."

Dada alinyamaza. Rasimu ya kwanza ya historia hii ilisema kwamba alilazimishwa, naye alilikata neno hilo akaandika pembeni, "Sikulazimishwa. Niliogopa." Jumamosi tarehe 24 Oktoba 1987, katika mkutano mkuu wa chama, alipanda jukwaani akakabidhiwa ngao ya mbao yenye bamba la shaba, akapigiwa makofi na wauguzi mia mbili na kitu, na ndugu zake tulikuwa mstari wa tatu tukipiga kwa nguvu kuliko wote.

Kabla ya hapo, Septemba ya mwaka huo huo, kutokana na ripoti ya metroni kuhusu upasuaji ule, iliyosema kwamba wakati wa hesabu kulikuwa na watu wasiohusika ndani ya chumba, ilitoka amri kwamba wahudumu wa usafi wasivuke mstari mwekundu mpaka mgonjwa atoke, na Mama Sakafu, aliyetajwa kama mfano, alihamishiwa chumba cha kufulia. Jumatatu baada ya mkutano walikutana koridoni, mmoja na sinia ya vifaa, mwingine na toroli la shuka chafu. Mama Sakafu alisimamisha toroli akasema, "Hongera, sista." Dada alitusimulia baadaye kwamba aliitafuta kejeli katika sauti ile mwaka mzima na hakuipata, na kwamba laiti angeipata, angepumua.

Hapo ndipo alipoanza kula amesimama. Tuliokuwa tunamtembelea tuliona, tukasema ni Kiguu na Njia yule yule, kumbe hakuwa yule yule, maana zamani aliinuka ili aende mahali na sasa aliinuka tu. Ile ngao aliiweka juu ya kabati chini ya mablanketi, na shemeji alipomuuliza kwa nini asiitundike, alisema ukuta una unyevu. Kazini alihesabu mara tatu pale penye kuhesabiwa mara mbili, vijana wakamkimbia zamu, na madaktari wakasema dada yule mahiri lakini anachosha. Msomaji wenu, yeye mdogo wake, alikata ule ukurasa wa jarida akautia fremu akautundika sebuleni kwake, na kila mara dada alipokuja kumsalimu, akishaondoka fremu ilikutwa imegeukia ukutani, na kwa miaka yote hiyo waliochapwa kwa kosa hilo ni watoto. Wapo hapa leo, wana watoto wao, na baba yao anawaomba radhi mbele yenu.

Aliandika barua ya kwanza kwa jarida Machi 1988, mhariri akamjibu kwamba masahihisho hutolewa kwa makosa ya majina na tarehe tu. Akaandika tena, "Jina ndilo lililokosewa," hakujibiwa. Akaandika mwaka 1990, na mwaka 1993, na ile ya 1993 ilirudi ikiwa na maandishi ya penseli kwamba jarida hili ni la wauguzi na huyo unayemtaja si muuguzi. Shemeji, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshaambiwa yote, alimwambia, "Mke wangu, umeshabisha hodi mara nne. Mwenye nyumba yumo ndani, hataki kufungua." Dada akasema, "Basi nitaingia kwa jikoni."

Na ndivyo alivyofanya. Alianza kujitolea katika jarida, mwanzoni kubandika stempu, kisha kukusanya habari za waliofuzu na waliofariki kutoka hospitali za mbali, na kwa kuwa hakuna aliyeipenda kazi ile na yeye miguu yake haikuchoka, Novemba 1998 chama kilimkabidhi ukurasa wa Habari na Pongezi. Alikwenda kwanza kwa yule mama aliyepasuliwa, akamweleza ukweli uso kwa uso, mama akamwambia, "Mimi niko hai, sista, nenda ukalale." Hakulala. Toleo la Machi 1999 lilitoka, na katika ukurasa wa tatu, kati ya pongezi za metroni mpya na tangazo la semina ya usafi wa mikono, palikuwa na maneno haya, ambayo aliagiza yasomwe hapa bila kupunguzwa:

"Masahihisho. Katika toleo la Novemba 1987 jarida hili lilisema kwamba muuguzi wa zamu ndiye aliyegundua kitambaa kilichosahaulika tumboni mwa mgonjwa. Si kweli. Muuguzi alihesabu vibaya na akaandika kamili. Aliyeona ni mhudumu wa usafi aliyekuwa akingoja kupiga deki, naye alisema mara mbili kabla hajasikilizwa, kisha akaondolewa thieta. Muuguzi huyo ni mimi ninayeandika hapa."

Siku jarida lilipofika hospitali, dada alichukua nakala moja akashuka nayo mpaka chumba cha kufulia, akitegemea sijui nini, kukumbatiwa, au angalau kuambiwa asante. Chumba kile kilikuwa na mvuke wa kutosha kukunja karatasi. Mama Sakafu alikausha mikono, akasogea dirishani, akasoma mpaka mwisho, akalikunja jarida mara nne akalitia mfuko wa aproni.

"Nani alikwambia nataka kuandikwa?" aliuliza.

Hakungoja jibu.

"Miaka kumi na miwili unanipita koridoni unaniangalia kama mtu aliyevunja chungu cha watu. Hukuniuliza hata siku moja, mwenzangu, unataka nini."

"Unataka nini?"

"Kurudi thieta. Huku shuka hazisemi."

"Hilo liko juu ya metroni."

"Basi hiki ulichoandika ni cha kukufanya wewe ulale."

Dada akasema, "Na bado silali."

Mama Sakafu alivuta shuka kutoka kwenye lundo, akamtupia pembe mbili. "Shika upande huo, usisimame kama mgeni." Wakakunja shuka pamoja mpaka kengele ya mapumziko ilipolia.

Tarehe 20 Aprili 1999 dada aliitwa mbele ya kamati ya pamoja ya hospitali na chama. Mwenyekiti alimuuliza, "Mgonjwa alidhurika?" Akajibu, "Hakudhurika." "Sasa unalalamika nini?" "Silalamiki, mwenyekiti. Nasahihisha." Alisimamishwa kazi ya thieta miezi sita akapelekwa chumba cha kufunga vidonda, akanyang'anywa ukurasa wa jarida, na akaamriwa kurudisha ngao, ambayo alikuwa ameibeba kwenye mkoba siku hiyo hiyo, akaitoa akaiweka mezani kabla mwenyekiti hajamaliza sentensi. Walikuwepo wenzake waliomwambia amekivua nguo chama mbele ya watu, na wako walioacha kumsalimu, mmoja wao kwa miaka tisa. Lakini zilikuja pia barua, kumi na moja kwa jumla, kutoka kwa wauguzi aliokuwa hajawahi kuwaona, kila mmoja akisimulia siku yake ya kukosea hesabu na mtu aliyemsahihisha bila kutajwa, mbeba machela, mfuaji, mwanafunzi wa mwezi wa kwanza, na hizo alizisoma mpaka zikachakaa kwenye mikunjo.

Aliporudi thieta Oktoba 1999 hakurudi kupumzika. Kwa miezi minane alimfuata metroni mpya ofisini, koridoni, hata kwenye foleni ya chai, akidai amri ya 1987 ifutwe, na metroni yule alikuja kusema kwamba alisaini ili apate kunywa chai yake ikiwa ya moto. Kikao cha mwisho cha hospitali kuhusu amri hiyo alihudhuria pia yule daktari bingwa, sasa mwenye mvi, akasimama akasema, "Miaka kumi na mitatu nimemshukuru mtu asiyestahili. Nami nilikuwepo chumbani." Jumatatu tarehe 3 Julai 2000 ilibandikwa kanuni mpya kwamba yeyote aliye ndani ya chumba, wa cheo chochote, ana haki ya kusimamisha hesabu, na siku hiyo Mama Sakafu alirudi na ndoo yake, akasimama kwenye mstari mwekundu akingoja. Dada akamwambia, "Ingia basi, au unataka tarumbeta?"

Walifanya kazi pamoja miaka mitatu na miezi minne iliyobaki kabla Mama Sakafu hajastaafu, na msidhani ilikuwa asali. Waligombana kila wiki. Mara moja Mama Sakafu alisimamisha upasuaji kwa kitambaa ambacho hakikuwepo kabisa, watu wakakitafuta dakika ishirini, daktari akifoka, na dada akawaambia wote kwa upole kwamba dakika ishirini si kitu mbele ya uhai wa mtu, kisha nje ya mlango akamgeukia mwenzake akasema, "Leo umenitia aibu." Mama Sakafu akasema, "Karibu."

Dada alistaafu tarehe 12 Februari 2012, akiwa na miaka sitini. Tulidhani sasa atatulia, hakutulia. Alikwenda chuo cha uuguzi mara mbili kwa wiki kuwafundisha wanafunzi kuhesabu, bila kuombwa mara ya kwanza na bila kufukuzika baadaye. Mwaka 2016 chama, chini ya viongozi wapya, kilimwandikia kwamba kinataka kumpa tuzo ya utumishi wa muda mrefu, naye akajibu kwa mstari mmoja, "Nilishapata, nikairudisha." Walipomsihi, alisema kama wana mbao na shaba za kuchezea, waanzishe tuzo ya wanaofanya kazi thieta na si wauguzi. Wakaianzisha. Ya kwanza ilitolewa Jumamosi tarehe 12 Novemba 2016, ukumbi ulijaa, jina la Mama Sakafu likaitwa, na mwenyewe hakutokea, kwa kuwa alikuwa na miadi ya kung'oa jino, na alikuwa ameagiza wamletee nyumbani. Aliyempelekea ni dada yetu, kwa kupanda magari mawili, akakuta mtu shavu limevimba, ambaye aliipokea ngao, akaitazama mbele na nyuma, akaiweka juu ya friji karibu na chupa ya chai.

"Hapo itapendeza?" dada aliuliza.

"Itashika vumbi kama kitu kingine chochote. Na wa kulifuta ni mimi."

Ugonjwa wake ulianza Machi 2022 kwa maumivu ya tumbo yaliyopenya mpaka mgongoni, na tarehe 19 Aprili aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alifanyiwa upasuaji tarehe 11 Mei 2022 katika thieta ile ile, na kabla hajalazwa usingizi aliomba asikie hesabu ya kwanza, mtaalamu wa usingizi akangoja, wauguzi vijana wakahesabu kwa sauti kama watu wa mtihani, na alipoona imekwenda sawa akasema, "Endeleeni." Alipata nafuu ya mwaka mmoja na nusu. Novemba 2023 ugonjwa ulirudi, na Januari mwaka huu, madaktari walipotuambia ukweli, aliomba aletwe rasimu ya historia yake.

Alikata neno jasiri. Alikata neno mtulivu, akacheka mpaka akakohoa. Penye "kipenzi cha wote" aliandika, "Ambao hawakunisalimu watashangaa." Alipofika sehemu ya kifo, ambapo mdogo wake alikuwa ameandika mapema kwamba alilala usingizi wa amani akizungukwa na familia, alichora mstari mwekundu juu ya sentensi nzima akasema, "Hapa acha wazi. Andika utakachoona, usiandike unachotaka kuona."

Tuliyoyaona ni haya. Alhamisi tarehe 8 Februari 2024, siku nne kabla hajatimiza miaka sabini na miwili, chumbani kwake walikuwepo binti yake wa kwanza, mdogo wake anayewasomea, na Mama Sakafu, ambaye kwa wiki sita alikuwa akija kutandika kitanda kwa sababu hakuamini mikono ya mtu mwingine kwenye shuka. Tangu alfajiri dada aliomba akalishwe, akikalishwa anaomba alazwe, akilazwa anaomba akalishwe, na mguu wake wa kulia ulikuwa ukitembea chini ya blanketi bila kusimama. Saa nne kasoro aliuliza, "Nani yuko zamu?" Mama Sakafu akamwambia, "Mimi nipo. Lala." Dada akafungua macho akamwangalia, akasema, "Wewe umestaafu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Mama Sakafu alicheka, kisha akaacha kucheka, akamshika ule mguu uliokuwa ukitembea, si kwa kuuzuia, alikwenda nao tu, na saa nne na dakika ishirini asubuhi mguu ukasimama. Zaidi ya hapo hatukuona kitu, na kwa kuwa alitukataza kuongeza, hatuongezi.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, na wadogo zake wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya upasuaji waliomvumilia mgonjwa aliyekagua trei zao, wafanyakazi wote wa thieta kuanzia wanaoshika kisu mpaka wanaofua joho, majirani waliotuazima viti na sufuria na kukaa nasi siku hizi bila kuulizwa, chuo cha uuguzi kilichowaruhusu wanafunzi wake kuja, na chama, ambacho jana kimetuletea salamu za rambirambi zilizoandikwa tarehe sahihi na kila jina mahali pake, tumekagua. Tunamshukuru pia yule mwenzake aliyekaa miaka tisa bila kumsalimu, tumemwona amekaa pale nyuma, asogee mbele, nafasi ipo. Mama Sakafu tulimuuliza kwanza kama angependa kushukuriwa, akasema anataka kiti chenye mgongo, naye amekipata.

Kama kuna tulipokosea, iwe jina au tarehe, mje mtuambie kabla hatujaondoka hapa, tutasahihisha.

Dada, hatukuwahi kukuona umepumzika hata siku moja, kwa hiyo hatujui inakuwaje kwako. Pumzika kwa namna utakayoiweza, na iwe kwa amani.